Taa ya injini imewaka: tafuta kosa kabla hujanunua spea

Geuza ufunguo hadi dashibodi iwake, ila injini usiiwashe. Taa zote zinajitokeza kwa pamoja: ya betri, ya oili, ya breki ya mkono, na ile ya manjano yenye umbo la injini. Sasa washa gari. Ile ya manjano inatakiwa izime. Ikibaki inawaka, soma kuanzia hapa. Na kama haikuwaka kabisa pale mwanzo, soma kwa makini zaidi, maana gari lako limezibwa mdomo. Hilo nimeliweka mwishoni.

Ninaandika nikifikiria magari ambayo wengi wetu tunayaendesha: Toyota zilizotumika kutoka Japani, kama IST, Spacio, Raum, Probox, Allion na Premio za cc 1500. Vipimo nitakavyovitaja ni vya injini yao ya 1NZ. Kwenye Nissan, Honda au Mazda namna ya kutafuta ni ileile, ila namba zinaweza kutofautiana kidogo.

IST yangu iliwahi kuwasha taa hii, nikaipeleka gereji. Mashine ikaonyesha P0171, yaani mafuta ni kidogo kuliko hewa. Fundi akasema sensa ya oksijeni imekufa. Tukanunua mpya, taa ikazima siku mbili kisha ikarudi. Tukasema labda hiyo mpya ni feki, tukanunua ya pili. Taa ikarudi tena. Baada ya wiki mbili fundi mmoja mzee wa mtaani alifungua boneti, akashika lile bomba la mpira lenye mikunjo linalotoka kwenye boksi la eyaklina (chujio la hewa) kwenda kwenye throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini), akalivuta kwa mkono. Ndani ya mkunjo wa tatu kulikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Hewa ilikuwa inaingilia pale bila kupimwa. Sensa ya kwanza, ile tuliyoitupa, ilikuwa inasema kweli: kuna oksijeni nyingi kwenye moshi. Tulimfukuza shahidi tukamwacha mwizi ndani.

Tangu hapo nimelishika jambo moja. Namba inayosomwa na mashine ni malalamiko ya kompyuta kuhusu kile inachokiona. Jina la spea ya kununua halimo kwenye namba hiyo. Linapatikana kwa kupima.

Kwanza, taa inawakaje?

Ikiwa ya manjano na imetulia, na gari linakwenda kama kawaida, unaweza kuendesha hadi nyumbani na kupanga kulipima ndani ya siku chache. Usilisahau kwa miezi.

Ikiwa inapepesa, yaani inawaka na kuzima, injini inamisi kiasi cha kuharibu. Silinda moja au zaidi haichomi petroli yake, na petroli hiyo mbichi inakwenda kuungulia kwenye masega (kisafisha moshi) yaliyo ndani ya bomba la moshi, yakapata joto hadi yanayeyuka. Ondoa mguu kwenye mafuta. Ikiacha kupepesa, nenda pole pole hadi mahali salama. Ikiendelea, egesha na uzime gari.

Taa nyekundu ya oili au ya joto ni habari nyingine kabisa. Hapo unazima injini palepale. Angalia vizuri hasa ukiwa na Vitz, IST au Passo, kwa sababu nyingi hazina geji ya joto. Zina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemsha, basi. Akiiona nyekundu mtu anadhani ni ileile ya injini, anaendelea kuendesha, na kichwa cha injini kinapinda.

Hatua ya kwanza: kumbuka kilichofanyika siku mbili zilizopita

Chukua daftari au simu uandike. Taa iliwaka asubuhi injini ikiwa baridi au baada ya foleni ndefu? Mvua ilinyesha? Ulijaza mafuta kituo kipya? Kuna fundi aligusa kitu, hata kama alikuwa anabadilisha betri au kufunga redio?

Na hili la kuosha injini. Vijana wa kuoshea magari wanafungua boneti na kupiga maji ya presha humohumo. Kwenye 1NZ plagi zimekaa ndani ya mashimo marefu juu ya injini, na koili, yaani vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche, zimeziba mashimo hayo kwa mpira mwembamba. Maji yakiingia mle hayatoki. Asubuhi yake gari linatetemeka na taa inapepesa. Ukienda gereji bila kusema kwamba jana uliosha injini, utauziwa koili. Ukisema, fundi atachomoa koili, apulize mashimo kwa hewa ya kompresa, na umemaliza.

Hatua ya pili: mambo ya bure

Kabla ya mashine yoyote, tumia macho na mikono, injini ikiwa imezimwa na imepoa.

Anza na betri. Kwa mita ya umeme, betri nzima iliyopumzika inasoma karibu volti 12.6. Gari likiwaka inatakiwa ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu wakati injini inaunguruma, altaneta haichaji, na umeme mdogo huchanganya kompyuta ikaandika makosa matano yasiyokuwepo. Tingisha vichwa vya betri. Vikicheza, vikaze, na vyenye ukungu mweupe visafishe. Fuata waya mweusi mnene hadi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Sisi tunaoishi karibu na bahari tunajua chumvi inavyokula viungo hivi.

Chomoa kijiti cha oili usome kiwango. Fungua boksi la eyaklina: chujio likiwa limejaa vumbi, badilisha; likiwa limekaa upande, au boksi halijafungwa klipu zote, umeshapata mshukiwa. Pitisha mkono kwenye mipira yote midogo inayoingia chini ya throto, ukiminya kila mmoja. Uliokakamaa kama mti mkavu utakuwa umepasuka mahali fulani. Angalia waya zilizotafunwa. Panya wanapenda injini yenye joto usiku, na waya mmoja walioukata unaweza kukugharimu wiki nzima ya kutafuta.

Utasoma mahali pengi kwamba ukaze kifuniko cha tangi la mafuta na taa itazima. Ushauri huo ni wa magari ya soko la Marekani, ambako sheria inaitaka kompyuta ipime kama mvuke wa petroli unavuja. Kwa Toyota ya soko la Japani mara nyingi haukuhusu. Kaza kifuniko, lakini usikae ukisubiri muujiza.

Hatua ya tatu: soma namba

Chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva, kuna soketi yenye matundu 16. Pale ndipo mashine ya kupimia inapochomekwa. Kile kifaa kidogo cha Bluetooth kiitwacho ELM327 kinauzwa Kariakoo kwa bei nafuu, na kwenye simu unaweka programu kama Torque au Car Scanner. Mwenye iPhone anunue cha WiFi au kile kilichoandikwa wazi kwamba kinafanya kazi na iPhone, kwa sababu vile vya Bluetooth ya zamani havishikani nayo.

Kifaa kisipowaka hata taa yake, soketi haina umeme. Tafuta kwenye boksi la fyuzi iliyoandikwa OBD.

Kikiwaka lakini kikakataa kuzungumza na gari, usikitupe. Magari mengi ya soko la Japani ya miaka ya mwanzo ya 2000 yana soketi hiyohiyo ya matundu 16 lakini kompyuta yake inazungumza lugha ya Toyota yenyewe. Hapo una njia mbili. Moja ni kwenda kwa fundi umeme mwenye mashine inayojua Toyota za Japani. Nyingine ni ya zamani, ya bure, nami naipenda: kuifanya taa yenyewe ikuhesabie.

Itazame soketi upande wake mpana ukiwa juu. Mstari wa juu una matundu 1 hadi 8 kutoka kushoto, wa chini 9 hadi 16. Ufunguo ukiwa umezimwa, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya chembamba. La 4 ni la nne kutoka kushoto juu. La 13 ni la tano kutoka kushoto chini. Hesabu mara mbili, kisha hesabu tena. Tundu la 16, la mwisho kulia chini, lina umeme wa betri moja kwa moja, na waya ukiligusa utaunguza fyuzi au zaidi ya fyuzi. Ukishaunganisha, geuza ufunguo hadi dashibodi iwake, usiwashe injini. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililoandikwa. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika kama sekunde moja na nusu, kisha ikapepesa mara nne, hiyo ni 24. Taa za ABS na mifuko ya hewa nazo zitapepesa, ziache.

Hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi: 12 na 13 ni ishara ya mzunguko wa injini, 14 ni umeme wa kuwashia cheche, 21 ni sensa ya oksijeni, 22 ni sensa ya joto la maji, 24 ni joto la hewa inayoingia, 31 ni kipimo cha hewa, 41 ni throto, 42 ni sensa ya mwendo, 52 ni sensa ya kugonga. Ukimaliza zima ufunguo, toa waya.

Kwa njia yoyote uliyotumia, piga picha. Programu nyingi zinaonyesha pia hali ya gari wakati kosa linaandikwa: mwendo, mzunguko wa injini, joto la maji. Picha hiyo ni dhahabu. Fundi anayefuta namba kabla ya kuiandika, au anayeanza kwa kuchomoa betri, amekufutia ushahidi wote.

Hatua ya nne: isikilize namba inasemaje

Herufi P ni injini na gia, C ni breki na chasisi, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta. Namba inayofuata ikiwa 0, kosa ni la kawaida kwa magari ya kampuni zote. Ikiwa 1, ni la kampuni iliyotengeneza gari.

Kisha soma maelezo polepole. Kuna tofauti kubwa kati ya namba inayosema "umeme wa sensa hii uko chini mno" na inayosema "moshi una oksijeni nyingi mno". Ya kwanza inakupeleka kwenye waya, soketi na sensa yenyewe. Ya pili inakupeleka kwa kitu kingine kabisa ambacho sensa imekiona. Huko ndiko fedha zangu zilikopotelea.

Zikiwa namba nyingi kwa wakati mmoja, usihesabu spea. Uliza zinashirikiana nini: fyuzi moja, ethi moja (waya unaofungwa kwenye bodi), soketi moja iliyolowa. Sensa nne hazifi usiku mmoja.

Hatua ya tano: pima

*Injini inamisi: P0300 hadi P0304*

P0300 ni kumisi ovyo ovyo, silinda yoyote. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo hadi ya nne. Silinda ya kwanza ni ile ya upande wa mkanda wa feni.

Wapo mafundi wanaochomoa koili gari likiwa linaunguruma ili wasikie tofauti. Usikubali. Cheche ya koili ina umeme mkali wa kukurusha, koili yenyewe inaumia, na petroli mbichi inakwenda kwenye masega. Ipo njia safi zaidi, haigharimu kitu zaidi ya spana namba 10.

Tuseme ni P0301. Zima gari, liache lipoe. Ondoa kifuniko cha plastiki, chomoa soketi ya koili ya kwanza, fungua bolti yake, vuta koili juu kwa kuizungusha taratibu. Chungulia shimoni. Ukiona maji, yapulize. Ukiona oili, gasketi ya kifuniko cha valvu inavuja, na koili mpya haitakusaidia mpaka gasketi ibadilishwe. Kila kitu kikiwa kikavu, ihamishe koili hiyo iende silinda ya pili, ya pili ije ya kwanza. Futa namba, endesha kama dakika ishirini, pamoja na mlima kidogo, kisha soma tena. Ikiwa sasa inasema P0302, ugonjwa umehama na koili: nunua moja, sio nne. Ikibaki P0301, hamisha plagi kwa namna hiyohiyo. Ikibaki tena, koili na plagi hazina hatia. Umebakiwa na nozeli inayopulizia petroli au mgandamizo wa silinda, na hapo unahitaji fundi mwenye geji ya mgandamizo.

Plagi ukiishika, itazame ncha. Kahawia hafifu au kijivu ni afya. Nyeusi yenye masizi, mafuta ni mengi. Iliyolowa oili, injini inakula oili. Nyeupe sana, inaungua kwa joto kali au mafuta ni kidogo. Pengo la plagi za 1NZ ni milimita 1.1. Za iridiamu usizisugue kwa brashi ya waya wala kuzigonga ili kurekebisha pengo, ncha yake ni nyembamba mno. Plagi feki zimejaa madukani, kwa hiyo mimi nanunua kwa muuzaji ninayemfahamu hata kama ni ghali kidogo.

*Mafuta kidogo kuliko hewa: P0171*

Hili nalijua kwa maumivu. Fungua programu kwenye simu utafute vipimo viwili vilivyoandikwa STFT na LTFT. Ni asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli ili kusawazisha mchanganyiko. Ukijumlisha viwili hivyo ukapata chini ya 10, kwa juu au kwa chini ya sifuri, hali ni nzuri. Ikifika 20 na kuendelea upande wa kujumlisha, kompyuta inahangaika kuongeza mafuta.

Sasa fanya hivi injini ikiwa imepata joto. Soma vipimo gari likiwa kwenye sailensi, yaani linaunguruma bila kukanyaga mafuta. Kisha kanyaga mafuta taratibu hadi mzunguko 2,500, ushikilie nusu dakika, soma tena. Kama asilimia ilikuwa juu kwenye sailensi na imeshuka ulipokanyaga, kuna mahali hewa inaingia kwa wizi: mpira uliopasuka, gasketi ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda). Ufa mdogo una uzito mkubwa injini inapovuta hewa kidogo, na ukikanyaga hewa halali inakuwa nyingi, ufa unamezwa. Kama asilimia ni ndogo kwenye sailensi na inapanda kadiri gari linavyobebeshwa kazi, tazama upande wa mafuta, yaani pampu iliyochoka au chujio lililoziba, au sensa ya hewa iliyochafuka.

Kutafuta ufa, chukua chupa ya kunyunyizia yenye maji. Gari likiwa kwenye sailensi, nyunyiza kidogo kidogo kwenye mipira na kwenye maungio ya manifoldi, ukikwepa koili na soketi za umeme. Mahali ambapo mlio wa injini unabadilika ndipo penyewe. Wengine wanatumia dawa ya kusafishia kabureta. Inafanya kazi, ila inashika moto, na injini ina sehemu za moto na cheche. Maji yanatosha. Lile bomba la mikunjo halitajitaja kwa maji. Livute kwa mkono ulikunjue, kama alivyofanya yule mzee.

Sensa ya hewa iko kwenye kifuniko cha boksi la eyaklina, imefungwa kwa skrubu mbili na ina waya tano. Ndani ina nyuzi nyembamba sana, na vumbi likizifunika inapima hewa pungufu. Itoe, ipulizie dawa maalumu ya kusafishia sensa za hewa, iache ikauke yenyewe. Usiiguse kwa kidole, kitambaa wala pamba, na dawa ya breki iache kabisa.

*Sensa ya joto la maji na themostati*

Sensa hii ni rahisi kupima. Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, joto la maji kwenye programu liwe sawa na joto la nje. Ikisoma nyuzi 40 chini ya sifuri, na wewe uko Tabata, Dar es Salaam, waya umekatika au soketi imechomoka. Ikisoma 140 injini ikiwa baridi, waya zimegusana. Kwa mita ya umeme, sensa ya Toyota ina omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na ikishika nyuzi 80 inashuka hadi omu 200 hadi 400. Itoe, ichemshe kwenye sufuria ya maji uone namba ikishuka.

Themostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, naomba tuizungumze. Mafundi wengi huitoa na kuitupa wakisema nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Inahitajika. Bila themostati maji yanazunguka muda wote, injini inachelewa kufika joto lake au haifiki kabisa, hasa usiku kwenye barabara kuu. Kompyuta inaona injini bado baridi, inaendelea kumimina mafuta ya ziada. Gari linakula mafuta, plagi zinakuwa nyeusi, oili inachafuka, na kwenye magari yenye uwezo wa kupima jambo hilo P0128 inaandikwa. Gari lililokuwa linachemsha kabla themostati haijatolewa bado ni bovu: rejeta imeziba, feni haiwaki au maji yanavuja.

*Masega: P0420*

Namba hii inasema masega hayasafishi moshi. Kabla ya kuyalaumu, sikiliza kama bomba la moshi linavuja kabla ya sensa ya nyuma, na hakikisha injini haimisi. Kisha uliza swali gumu: masega yamo? Yana madini yenye thamani, na gari linaweza kuingia gereji nayo likatoka bila nayo. Gonga lile boksi la bomba kwa ngumi: likiita kama debe tupu, yaliondoka zamani.

*Nyingine kwa ufupi*

P0011 au P1349 ni mfumo wa kubadili muda wa valvu, na unaendeshwa na presha ya oili. Anza kwa oili mpya ya 5W-30, lita 3.7 pamoja na filta, kisha usafishe valvu yake ndogo ya umeme na kichujio chake. P0335 na P0340 ni sensa za mzunguko. Gari likizima ghafla likiwa la moto na kuwaka likipoa, anzia hapo. Sensa yenye waya tatu, kama ya throto, ichomoe soketi, geuza ufunguo, pima upande wa gari: waya mmoja uwe na volti 5, mwingine uwe ethi. Zikiwepo, kompyuta na waya za kuleta umeme ni nzima. Usitoboe ganda la waya kwa sindano ili kupima. Unyevu utaingilia pale na mwaka ujao waya utakuwa umeoza ndani. Ingiza ncha kwa nyuma ya soketi.

Sensa za hewa za used ninanunua, zikiwa halisi na zimepimwa mbele yangu. Sensa ya oksijeni ya used sinunui kamwe, kwa sababu inachakaa kwa matumizi na huwezi kujua imebakiza nini. Na yeyote anayekwambia siku ya kwanza kwamba kompyuta ya gari imekufa, mwombe akuonyeshe vipimo vya umeme wake na ethi zake kwanza.

Hatua ya sita: futa, endesha, hakikisha

Ukisharekebisha, futa namba kwa programu au kwa mashine. Kuchomoa betri pia kunafuta, lakini kunafuta na yale kompyuta iliyojifunza, na sailensi inaweza kusumbua siku moja mbili.

Usishangilie taa ikiwa imezima jioni ile. Makosa mengi yanahitaji kuonekana katika safari mbili ndipo taa iwake, ndiyo maana kwangu ilikuwa inarudi baada ya siku mbili. Safari hapa maana yake ni injini baridi hadi ipate moto, na mwendo wa mjini pamoja na wa barabara kuu. Ukitengeneza bila kufuta, taa itajizima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo zisizo na kosa, na kumbukumbu itafutika baada ya injini kupata joto na kupoa kama mara 40.

Taa isiyowaka kabisa

Sasa lile nililoliahidi. Ufunguo umegeuzwa, taa zote zimewaka, ya injini haipo. Ikiwa gari nalo linakataa kuwaka, tazama fyuzi ya EFI: kompyuta imekosa umeme. Ikiwa gari linawaka vizuri, balbu imeungua, au kuna mtu ameitoa, ameibandika utepe mweusi kwa nyuma, au amekata waya ili akuuzie gari.

Wenye ujanja zaidi wanauunganisha waya wa taa ya injini na taa ya oili au ya betri, ili iwake na kuzima pamoja nayo ukaridhika. Kwa hiyo unaponunua gari, usiishie kutazama. Mwombe mwenye gari ruhusa, zima injini, chomoa soketi ya sensa ya hewa, kisha washa. Taa ya injini inatakiwa iwake ndani ya sekunde chache, kwa sababu kosa hilo kompyuta ya Toyota haisubiri safari ya pili. Isipowaka, taa imechezewa. Zima, rudisha soketi, futa namba uliyoisababisha.

Kuna na kipimo cha pili, kwa magari yanayosomeka na programu. Tafuta ukurasa unaoonyesha ni vipimo gani vya ndani kompyuta imekwisha kukamilisha. Ukikuta karibu vyote havijakamilika, namba zimefutwa muda mfupi uliopita, pengine asubuhi hiyohiyo ukiwa njiani kwenda kulitazama gari. Mwambie muuzaji utarudi baada ya siku tatu, aliendeshe kama kawaida, usome tena.

Na taa ikiwaka muda wote wakati mashine haioni kosa lolote, kwenye magari haya ya zamani kompyuta huiwasha kwa kuipa ethi kupitia waya mmoja. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi, taa haitazima hata injini ikiwa mpya. Ufuate kutoka nyuma ya dashibodi hadi kwenye kompyuta, hasa pale palipofungwa redio au kengele ya wizi, ukitazama kila kiungo kilichosokotwa kwa utepe.